Mume wangu, farasi wake wawili na nauli ya kwenda kwa mama

Barua nyingi zinazoingia kwenye kona hii zinahusu mtu wa tatu. Kuna nyumba ndogo, kuna wifi, kuna mama mkwe, kuna simu inayopokelewa chooni. Mwezi huu mtu wa tatu ana miguu minne. Tena wako wawili.

Aliyeniandikia ni dada yetu wa Moshi. Anaishi Michigan, Marekani, ameolewa na Mmarekani, na ndoa yao ina miaka sita. Anasema mume si mlevi, si mhuni, jioni yuko nyumbani. Ila ana farasi. Kila kiangazi anawapakia kwenye trela na kwenda kupiga kambi msituni, kwenye maziwa na mito ya kaskazini ya jimbo lile, na likizo yote ya mwaka inaishia huko. Mwaka juzi dada alikubali kumsindikiza. Wakalala ndani ya trela lile lile la farasi, limefagiliwa, limetandikwa godoro. Mbu wakamla. Usiku wa kwanza mume aliamka mara tatu na tochi kwenda kuwaangalia farasi. Usiku wa pili dada akashikwa na homa. Mume akampa kidonge na chupa ya maji, akageukia upande wa pili akalala.

"Dada mhariri," anaandika, "farasi wazima wameamkiwa mara tatu, mimi mgonjwa mara moja. Naomba uniambie kama nina wivu wa kijinga."

Sasa mwaka huu mume anataka wavuke jimbo zima kwa farasi, kutoka ziwa moja hadi lingine, siku kumi na kitu. Na dada hajakanyaga nyumbani miaka minne, kwa sababu kila akitaja tiketi anaambiwa hela hazitoshi. Mama yake ana miaka 74 na magoti hayamtii tena. Swali lake ni moja: niende, au nimwache aende peke yake nijue moja?

Wivu wa kijinga? Hapana mwaya. Lakini kabla sijakujibu, wacha niwaeleze wenzetu wa Sinza na Mbagala ni kitu gani hasa tunachozungumzia, maana najua wengi wamemwona farasi wa karibu siku ya gwaride tu, akiwa na askari juu yake.

Huku kwetu farasi ni mnyama wa shida. Kwenye mapori yenye mbung'o hadumu, na kuna ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaoletwa na visubi, ambao unaweza kummaliza kwa siku chache. Ndiyo maana mababu zetu walijenga uchumi wao juu ya ng'ombe, punda na migongo yao wenyewe. Farasi wa starehe wapo, hasa nyanda za juu: Arusha, upande wa Kilimanjaro, Naivasha, Mara. Kenya kuna safari za kupanda farasi na kulala kambini ambazo zimekuwepo kwa miongo mingi. Lakini kule wewe ni mgeni. Saisi anakutandikia farasi, mpishi anakupikia, na ukishuka unakuta maji ya kuoga yamepashwa moto. Unachofanya wewe ni kupiga picha.

Michigan ni kitu kingine kabisa. Kule anayepanda ndiye saisi, ndiye mpishi, ndiye dereva na ndiye mzoa mavi. Serikali ya jimbo na ile ya shirikisho zimetenga kambi za wenye farasi ndani ya misitu. Nyingi ni za kawaida sana: choo cha shimo, pampu ya maji ya mkono, sehemu ya kuwashia moto, na nafasi kubwa ya kuegesha trela. Kuna iliyo kando ya ziwa dogo la Garey, karibu na kijiji cha Empire. Kuna Elk Hill, ndani ya msitu wa Pigeon River, ambako asubuhi unaweza kuona elk, mnyama wa jamii ya kulungu mwenye mapembe kama matawi ya mwarobaini. Hao elk walikuwa wameisha kabisa kule. Mwaka 1918 wakaletwa saba kutoka magharibi ya Marekani, na kundi la leo limetokana na hao. Haya, hilo halihusiani na ndoa, nimelipenda tu.

Safari anayoitamani shemeji inaitwa Shore-to-Shore, yaani pwani hadi pwani. Inaanzia Empire, kwenye Ziwa Michigan, na kuishia Oscoda, kwenye Ziwa Huron, takriban kilomita 350. Usicheke ukisikia pwani ya ziwa. Ziwa Michigan limepungua kidogo tu kwa ukubwa ukililinganisha na Victoria letu, ukisimama ukingoni huoni ng'ambo. Njia ilianza kuchongwa miaka ya 1960, na kambi zimepangwa mwendo wa siku moja kutoka moja hadi nyingine. Desturi ni kumlowesha farasi kwato kwenye maji ya ziwa la kwanza, halafu ukifika upande wa pili unamlowesha tena. Kwa mtu anayependa farasi, hiyo ndiyo Hija yake. Kwa hiyo dada, mumeo hakukualika pikniki. Amekualika kwenye kitu ambacho pengine amekiota tangu akiwa kijana. Lichukulie hivyo hata kama utakataa.

Sasa turudi kwenye zile mara tatu za usiku.

Farasi hawezi kutapika. Tumbo lake limeumbwa hivyo, kilichoingia lazima kitokee upande wa pili. Akibadilishiwa chakula ghafla, akikataa maji mageni (na farasi wengi wanakataa, wanayanusa na kugeuza kichwa), au akishtushwa na safari, tumbo linaweza kumsokota, na msokoto wa tumbo unaua farasi kwa saa chache. Dalili zake ni kujitazama ubavuni, kukwarua ardhi, kulala na kuamka, kujigaragaza. Nani ataziona saa nane za usiku msituni kama si mtu aliyeamka na tochi?

Halafu kuna suala la kufungwa. Kambini watu wengi hufunga kamba kati ya miti miwili, juu kupita kichwa cha farasi, futi saba hivi, na kwenye shina wanazungusha mikanda mipana ili gome lisikatwe. Farasi anafungwa kwenye kamba hiyo, mbali na maji, mita 60 au zaidi, ili samadi isiingie ziwani. Hafungwi kwenye mti wenyewe, kwa sababu akichoka kusimama anachimba kwa kwato mpaka mizizi inabaki uchi, na mti unakufa. Kamba hiyo ikilegea usiku, farasi ananasa mguu. Ikikatika, anaelekea barabarani. Gari la kilomita 90 kwa saa likikutana na mnyama wa kilo 500 gizani, hakuna anayesalimika kirahisi, awe mwenye mguu miwili au minne.

Kwa hiyo mara tatu ni kazi, dada yangu. Mwenye farasi asiyeamka ni mzembe, na mume mzembe ungeniandikia barua nyingine.

Lakini hiyo ni nusu ya jibu. Mtu anayejua kusoma dalili za tumbo la farasi kwa mwanga wa tochi ana macho, na macho hayo hayo yalitakiwa yaangalie homa yako. Hapo sikubaliani naye hata kidogo. Tena Michigan mbu si wa kuchezewa. Sisi tuliozoea malaria tunawadharau mbu wa Wazungu, tunaona wanawasha tu. Kuna virusi vinavyoshambulia ubongo vya farasi na binadamu, vinavyoenezwa na mbu, na mwaka 2019 jimbo hilo lilipata wagonjwa kumi waliothibitishwa, sita wakafariki. Farasi ana chanjo yake. Wewe huna, kwa sababu ya binadamu haijaingia hospitalini kwa watu wa kawaida. Yaani kambini pale, waliokuwa wamekingwa na gonjwa hilo ni farasi wawili. Mwambie hivyo, kwa maneno hayo hayo, bila kulia. Homa msituni majira ya mbu inapimwa kwa kipimajoto, na ikipanda watu wanafunga trela wanaondoka. Kama hawezi kukuahidi hilo, usiende. Nukta.

Tuseme ameahidi. Uende siku kumi na kitu? Hapana! Nasema hapana hata kama mngekuwa mnapendana kama njiwa. Kwa siku mtapanda kama kilomita 30, na farasi akitembea mwendo wake wa kawaida anakwenda kilomita sita kwa saa. Hayo ni masaa matano juu ya tandiko, kesho tena, keshokutwa tena. Mtu asiyezoea, siku ya pili mapaja yamechubuka, siku ya tatu hata kuchuchumaa kwenye kile choo cha shimo ni mtihani.

Na najua atakachokuambia: basi mpenzi, wewe usipande, endesha gari uvute trela kutoka kambi hadi kambi, ufike kabla yangu, uwashe moto. Wapo wanandoa wanaofanya hivyo na wanafurahia, kila mtu na raha yake. Kwako wewe, mwenye kinyongo cha miaka minne, usikubali kuwa utingo wa ndoa yako mwenyewe. Utapika, utateka maji, utasubiri, na ukifika Oscoda atalowesha kwato akipigiwa makofi, wewe umeshika taulo.

Ninachokushauri ni usiku mbili. Kambi moja, kando ya ziwa, bila kuhamahama, mwezi Septemba mbu wakishapungua na majani yakianza kubadilika rangi. Na kabla ya hapo, miezi miwili ya kujifunza, chini kwanza. Mswaki kabla ya tandiko. Mpige mswaki farasi yule mpole zaidi mpaka ajue harufu yako na wewe ujue masikio yake yanasema nini: yakielekea mbele anasikiliza, yakilazwa nyuma yamebanwa kwenye shingo, sogea pembeni. Jifunze kumshika upande wa kushoto, ndiko alikozoeshwa. Kamba usijizungushie mkononi hata siku moja. Akishtuka ataondoka na vidole vyako. Ukipita nyuma yake, ama pita karibu kabisa huku mkono wako uko mgongoni kwake akusikie, ama pita mbali asikofikia teke. Ukiona farasi wa mtu amefungwa utepe mwekundu mkiani si urembo, ni kwamba anapiga mateke. Kofia ngumu vaa kila unapopanda, hata kama mumeo yeye anavaa ile ya kauboi. Viatu viwe na kisigino kidogo ili mguu usipenye kwenye kikuku cha tandiko ukaburutwa.

Halafu, mashosti wenzangu wenye miili yetu, msiogope hili. Wanaojua farasi wanapendekeza abebe takriban asilimia 20 ya uzito wake, mtu na tandiko pamoja. Farasi wa kilo 500 ni kilo 100. Toa tandiko na vikorokoro, kilo 15 au 20. Piga hesabu yako nyumbani kwako na mlango umefungwa. Kama umezidi, anatafutwa farasi mkubwa zaidi, hakuna haja ya mtu kujinyima kula kwa ajili ya farasi.

Kambini pia chagua kazi yako mwenyewe kabla hujapangiwa. Mimi ningechagua maji. Farasi mmoja anakunywa lita 20 hadi 40 kwa siku, kwa hiyo wawili ni ndoo mbili hadi nne kubwa kutoka kwenye pampu. Sisi ndoo tunazijua tangu utoto. Mara nyingi mnyama huanza kumzoea yule anayemletea cha kutia tumboni, na ukishaona farasi wa mumeo anakulilia wewe alfajiri, utakuwa na neno la kumtania kwenye kifungua kinywa. Mavi muachie mwenyewe. Sheria za kambi zinataka yazolewe na kupelekwa sehemu yake, na mwenye farasi ni yeye.

Usiku wa pili kaa naye nje. Farasi wanasinzia wakiwa wamesimama, mguu mmoja wa nyuma umelegezwa, na wanalala chini kwa muda mfupi tu, wakijisikia salama. Ukimwona amelala chini kabisa huku mwenzake amesimama kama mlinzi, utajua wameikubali kambi. Hakuna simu, hakuna televisheni, kuna sauti ya kutafuna tu. Kwa wanandoa ambao jioni zao zote kila mmoja yuko na simu yake, saa mbili za kusikiliza farasi akitafuna si jambo dogo. Hapo ndipo unaweza kumuuliza alianza lini kupenda farasi, alikuwa na nani. Miaka sita ya ndoa, na kwenye barua yako yote ya kurasa nne hujaniambia hata sehemu moja kwa nini mwanaume huyu anawapenda hawa wanyama. Nadhani hujawahi kumuuliza. Na nadhani yeye hajawahi kuuliza Moshi kuna nini.

Lakini pale kwenye moto msiongelee hela! Hela zinaongelewa nyumbani, mezani, kabla ya msimu, na karatasi ipo. Hili ndilo lililo chini ya barua yako yote, mengine ni vumbi tu.

Farasi anakula hata siku asiyopandwa. Anahitaji kama kilo kumi za majani makavu kwa siku, kwa hiyo safari ya siku kumi kwa wawili ni kilo 200, na bado mwaka una siku nyingine 355. Fundi wa kwato anakuja kila wiki sita hadi nane. Kuna chanjo, dawa za minyoo, daktari wa mifugo, bima ya gari, matairi ya trela. Kuna hata kipimo cha damu, kinaitwa Coggins, kwa jina la daktari aliyekibuni mwaka 1970, na bila cheti hicho milango mingi ya mikusanyiko ya farasi haifunguki. Kinapima kirusi cha jamii moja na VVU, hakina tiba, na farasi akikutwa nacho anatengwa maisha yake yote au anauawa. (Mchumba wa kibongo ukimtajia kupima anakuuliza humwamini? Farasi anatembea na cheti.)

Muombe mumeo muandike yote hayo pamoja, kwa mwaka, mstari kwa mstari. Usimuombe kama polisi. Mwambie unataka kuelewa. Halafu ongeza mstari mmoja chini: tiketi ya Kilimanjaro. Utaona wote wawili kwamba kila mstari una tarehe yake isipokuwa wa kwako. Fundi wa kwato haombwi, halipwi kwa huruma, hasubiri hela zikibaki. Siku yake ikifika analipwa. Nauli ya kwenda kwa mama nayo iwe hivyo. Igawanyeni kwa miezi 18 au 24, iwekwe kwenye akaunti yake, na isiguswe hata trela likipasuka tairi. Hesabu ikigoma kabisa, hapo ndipo farasi wawili wanakuwa mmoja, au safari ya ziwa hadi ziwa inasubiri mwaka mwingine. Ni maumivu, lakini si wewe peke yako utakayekuwa umeahirisha kitu.

Na akikataa hata kuandika? Hapo niandikie tena, maana itakuwa barua ya aina nyingine na haitahusu farasi.

Umeuliza pia, kwenye mstari wa mwisho kabisa, kama unaweza kupika ugali kule. Kwa nini ushindwe! Beba unga, mwiko na sufuria nzito. Kuni tu ndizo usitoke nazo nyumbani, zinunuliwe karibu na kambi. Kuna mdudu wa kijani anayemaliza miti ya ash, aligunduliwa upande wa Detroit mwaka 2002, na amesafiri sana kwa kujificha ndani ya kuni za watu wa kambi. Samaki wa ziwa atapatikana kama shemeji anajua kuvua na ana leseni. Ukoko usimpe farasi, hata akikukazia macho vipi.